Risasi inapovaa joho jeupe: Ifahamu serusiti na hatari yake kwa mitaa ya Eastlands

Na MWANDISHI WETU

KIPANDE cha risasi kilichokatwa sasa hivi hung'aa kama fedha. Kiache nje kwa siku chache tu na mng'ao huo utafifia, mahali pake patande utando wa kijivu. Kifukie katika udongo wenye unyevu kwa miaka kadhaa, kisha ukifukue, nawe utakikuta kimevaa gamba jeupe linalomeguka kama chokaa.

Aghalabu gamba hilo hudhaniwa kuwa uchafu wa kawaida, jambo la kupanguswa kwa kidole na kusahauliwa. Wanajiolojia hawalioni hivyo. Sehemu kubwa ya weupe huo ni kaboneti ya risasi, ambayo ikijiunda katika maumbile huhesabiwa kuwa madini kamili na huitwa serusiti.

Kwa mkazi wa Donholm, jijini Nairobi, jina hilo huenda likasikika geni. Chini ya mtaa huo, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya mitaa ya Eastlands, kuna miamba iliyotokana na volkano na juu yake udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Hakuna mgodi wa risasi hapo, wala haujawahi kuwapo.

Hata hivyo, risasi imefika. Imeletwa na binadamu ndani ya betri za magari na za sola, katika rangi za zamani za kuta na malango, katika solda za mafundi na, kwa miaka mingi, katika petroli. Popote metali hiyo ilipoachwa wazi kwa hewa na maji, maumbile huanza kuigeuza kuwa yaleyale madini yanayochimbwa kwingineko duniani.

Makala haya yanaeleza serusiti ni nini, huundwaje, hutambuliwaje na huwekwa katika ukoo gani wa madini. Yanaeleza pia kwa nini uainishaji huo si suala la maabara pekee. Risasi ni ileile, lakini umbo iliyomo ndilo linaloamua kwa kiasi kikubwa ni sumu kiasi gani itaingia katika damu ya mtoto anayecheza vumbini.

Asili ya jina

Katika Kiswahili, neno 'risasi', ambalo asili yake ni Kiarabu, lina maana mbili: metali yenyewe na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Maana hizo mbili ni ndugu, kwa sababu vichwa vya risasi za bunduki vimetengenezwa kwa metali hiyo tangu zama za kale. Kwa hakika, wataalamu waliochunguza udongo wa viwanja vya kulengea shabaha katika nchi mbalimbali wamekuta vichwa hivyo vimefunikwa gamba lenye serusiti.

Jina serusiti nalo limetokana na neno la Kilatini 'cerussa', ambalo Warumi walilitumia kwa unga mweupe wa risasi. Unga huo ulikuwa rangi ya wachoraji na poda ya kupaka usoni. Mwaka 1845, mtaalamu wa madini wa Austria, Wilhelm Haidinger, alilichukua neno hilo na kuyapa madini haya jina linalotumika hadi leo.

Kwa lugha ya kemia, serusiti huandikwa PbCO3. Maana yake ni kwamba kila chembe ya risasi imeungana na chembe moja ya kaboni na tatu za oksijeni. Kwa uzani, asilimia 77.5 ya madini haya ni risasi tupu. Kwa maneno mengine, kilo moja ya serusiti safi ina zaidi ya robo tatu ya kilo ya risasi.

Kutoka galena hadi serusiti

Madini ya mgodini hugawanywa katika makundi mawili makuu kulingana na jinsi yalivyozaliwa. Kuna madini ya awali, yanayojiunda ndani ya ardhi wakati maji ya moto yenye metali yanapopenya nyufa za miamba na kupoa. Kisha kuna madini ya pili, yanayozaliwa baadaye, pale yale ya awali yanapokutana na hewa na maji ya mvua karibu na uso wa dunia. Serusiti imo katika kundi hili la pili.

Mzazi wake ni galena, yaani salfaidi ya risasi. Galena ina rangi ya kijivu cha metali, hung'aa kama kioo cha kujitazamia na ikigongwa hupasuka katika vipande vya mchemraba. Ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya risasi inayochimbwa duniani, na asilimia 86.6 ya uzani wake ni risasi.

Maji ya mvua yanapopenya ardhini huwa yamebeba oksijeni. Oksijeni hiyo huishambulia salfa iliyomo katika galena na kuigeuza salfeti. Matokeo yake ni madini mengine meupe yaitwayo anglesiti, yaani salfeti ya risasi.

Safari haiishii hapo. Maji hayohayo hubeba pia kaboni dayoksaidi kutoka hewani, kutoka mizizi ya mimea na, pale penye mawe ya chokaa, kutoka kwenye miamba yenyewe. Kaboneti huipokonya salfeti nafasi yake, na anglesiti hugeuka kuwa serusiti. Wakati mwingine mchimbaji akipasua jiwe moja huziona hatua zote tatu zimepangana kama maganda ya kitunguu: galena katikati, anglesiti ikiizunguka, na serusiti nje kabisa.

Ndiyo maana serusiti hupatikana katika sehemu za juu za migodi ya risasi, hasa kwenye miamba ya chokaa. Fuwele zake zilizosifika sana zimetoka Tsumeb nchini Namibia, Touissit nchini Morocco na Broken Hill nchini Australia. Nchini Kenya, mawe yenye galena yanajulikana kuwapo Kinangoni na Vitengeni katika Kaunti ya Kilifi, pamoja na madini ya bariti.

Betri iliyovunjwa hupita njia inayofanana na hiyo. Bamba zake huwa na risasi yenyewe, oksidi ya risasi na, betri inapoisha nguvu, salfeti ya risasi. Unga mweupe unaoonekana kwenye vichwa vya betri ikiwa ingali garini kwa kawaida ni salfeti, kwa kuwa ndani mwake mna asidi ya salfuriki. Lakini vipande vya bamba vikishatupwa udongoni na asidi hiyo ikasafishwa na mvua, kaboneti huchukua usukani. Mabadiliko ambayo ndani ya mlima huenda yakachukua maelfu ya miaka, katika uwanja wa nyuma ya gereji huanza kuonekana katika muda wa mtu kuishi.

Sifa zinazoitambulisha

Sifa ya kwanza ya serusiti ni uzito wake. Ina uzito wa takriban mara 6.5 ya maji ya ujazo uleule, ilhali mchanga wa kawaida una uzito wa mara 2.65 hivi. Chupa ya nusu lita ambayo ikijazwa maji ina nusu kilo, ingekuwa na zaidi ya kilo tatu lau ingejazwa serusiti ngumu isiyo na mwanya. Ni nadra sana kwa madini yanayopitisha mwanga kuwa mazito kiasi hicho.

Pili ni ulaini. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, serusiti hupata kati ya 3 na 3.5. Ukucha hauwezi kuikwaruza, lakini kisu cha jikoni huikwaruza bila shida. Aidha, huvunjika kwa wepesi, na hapo ndipo hatari yake inapoanzia, kwani kitu kinachovunjika kwa wepesi huwa vumbi kwa wepesi.

Tatu ni mng'ao. Serusiti safi haina rangi au ni nyeupe, na hung'aa kama almasi. Uwezo wake wa kuutawanya mwanga katika rangi za upinde wa mvua unaushinda hata ule wa almasi. Lakini ulaini wake umeinyima nafasi katika pete na mikufu, na vito vichache vinavyochongwa kutokana nayo huhifadhiwa na wakusanyaji. Fuwele zenye kivuli cha kijivu au nyeusi mara nyingi huwa zimebaki na chembe za galena ndani yake. Baadhi, zikimulikwa kwa taa ya miale ya urujuanimno, hutoa mwanga wa manjano.

Nne ni tabia ya fuwele zake kuzaliwa mapacha. Fuwele tatu hupenyana na kufanyiza nyota yenye miale sita, au nyingi husukana kama wavu. Umbo hilo likionekana katika jiwe zito jeupe, mtaalamu hupata ishara kubwa ya jina lake kabla hata hajalipeleka maabarani.

Jaribio la tano wanalifahamu wanafunzi wa kemia wa shule za upili. Kaboneti ya risasi ikitiwa asidi ya nitriki hutoa povu la kaboni dayoksaidi na kuyeyuka yote. Ikitiwa asidi ya salfuriki huanza kutoa povu kisha ikanyamaza, kwa sababu salfeti ya risasi isiyoyeyuka huifunika kama blanketi. Ikipashwa moto, hutoa kaboni dayoksaidi na kuacha oksidi ambayo huwa na wekundu ingali moto na manjano ikipoa. Majaribio hayo ni ya maabarani chini ya uangalizi wa mwalimu. Si ya kufanyiwa jikoni.

Ukoo wake katika familia ya madini

Wataalamu huainisha madini kwa kuuliza maswali mawili. Yametengenezwa kwa nini? Na chembe zake zimepangwaje?

Kwa swali la kwanza, serusiti imo katika jamii ya kaboneti. Ndugu zake katika jamii hiyo ni pamoja na kalisiti, ambayo ndiyo sehemu kuu ya mawe ya chokaa yanayotumiwa kutengenezea saruji. Katika mfumo wa Strunz, unaotumiwa na wanamadini ulimwenguni, serusiti ina nambari 5.AB.15, tarakimu ya 5 ndiyo inayoonyesha jamii ya kaboneti. Katika mfumo wa Dana nambari yake ni 14.1.3.4.

Swali la pili huigawa jamii hiyo katika nyumba. Kaboneti zenye ioni ndogo za metali, kama vile magnesi, chuma na zinki, hujipanga kwa mtindo wa kalisiti, ambapo kila ioni huzungukwa na oksijeni sita. Zenye ioni kubwa, kama vile bari, stronti na risasi, huhitaji nafasi zaidi, hivyo hujipanga kwa mtindo mwingine ambapo kila ioni huzungukwa na oksijeni tisa. Mtindo huu wa pili huitwa wa aragoniti, na nyumba yake ina watu wanne: aragoniti yenyewe, witheriti yenye bari, strontianiti yenye stronti, na serusiti.

Kalsiamu, ambayo ukubwa wake uko katikati, huweza kuishi katika nyumba zote mbili. Ikikaa kwa mtindo wa kwanza huwa kalisiti. Ikikaa kwa mtindo wa pili huwa aragoniti. Na aragoniti si ngeni kwa watu wa pwani. Matumbawe yanayojenga miamba ya baharini huko Malindi na Watamu yametengenezwa kwa aragoniti, sawa na makombe ya kauri na sehemu kubwa ya lulu.

Kwa hiyo serusiti na lulu ni ndugu wa nyumba moja kwa mpangilio wa chembe, lakini moja hupamba shingo na nyingine hudhuru damu. Undugu huo una funzo lake. Ioni ya risasi inaweza kukalia kiti cha kalsiamu, na ndivyo inavyofanya katika mwili wa binadamu. Mifupa huipokea kana kwamba ni kalsiamu na kuitunza kwa miaka mingi, pengine miongo.

Serusiti ina pia binamu wa karibu aitwaye hidroserusiti, ambaye ana hidroksidi pamoja na kaboneti. Huyo ndiye sehemu kuu ya rangi nyeupe ya risasi iliyopakwa kuta, madirisha na samani kwa karne nyingi. Wawili hawa aghalabu huonekana pamoja kwenye risasi iliyozeeka.

Kwa nini aina ya madini ni muhimu

Hapa ndipo uainishaji unapogusa maisha. Mtoto akimeza chembe ya galena na mwenzake akameza chembe ya serusiti yenye kiasi kilekile cha risasi, madhara hayalingani. Galena huyeyuka polepole na kwa shida tumboni, hivyo sehemu kubwa yake huweza kupita na kutoka. Serusiti huyeyuka kwa urahisi katika asidi ya tumbo na kuiachilia risasi iingie katika damu.

Tofauti hiyo imepimwa. Nchini Marekani, wataalamu waliwalisha watoto wa nguruwe, ambao matumbo yao yanakaribiana na ya watoto wa binadamu, udongo kutoka maeneo mbalimbali ya migodi na viwanda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yaliziweka galena na anglesiti katika kundi la chini, ambalo kiwango chake cha kufyonzwa hakifiki robo ya kile cha chumvi ya risasi inayoyeyuka kwa urahisi. Serusiti iliwekwa katika kundi la juu, linalopita robo tatu.

Msomaji aliyesoma kemia huenda akauliza: je, asidi ya tumbo si ile ya hidrokloriki, ambayo darasani tunafundishwa kwamba huifunika kaboneti ya risasi kwa kloridi isiyoyeyuka? Ni kweli mmenyuko huo hukwama darasani, panapotumiwa kiasi kikubwa cha unga. Lakini kloridi ya risasi huyeyuka kidogo, hasa penye joto, na kiasi kinachomdhuru mtoto ni kidogo zaidi ya hicho. Kwa vumbi lililoganda kwenye kidole, maji ya tumboni yanatosha na kubaki.

Msiba wa Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, ulilidhihirisha jambo hilo kwa uchungu. Wanavijiji walikuwa wakichimba dhahabu katika mawe yenye risasi na kuyasaga kwa mashine za kusagia nafaka, wengine ndani ya nyua za nyumba zao. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba watoto walikuwa wakifa kwa sumu ya risasi, na zaidi ya 400 walipoteza maisha. Uchunguzi wa mawe hayo ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya risasi ilikuwa imekwisha kugeuka kuwa madini ya pili, zikiwemo kaboneti, yanayoyeyuka tumboni kwa wepesi.

Nchini Zambia, mji wa Kabwe ulichimbwa risasi na zinki kwa takriban miaka 90 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1994. Serusiti ilikuwa miongoni mwa madini ya mgodi huo. Zaidi ya robo karne baada ya kufungwa kwake, watoto wa mitaa iliyo karibu waliendelea kupatikana na viwango vya juu vya risasi katika damu. Mgodi hufungwa kwa siku moja, lakini vumbi lake halijui kalenda.

Hali katika Nairobi na Mombasa

Kenya ina kumbukumbu zake. Mwaka 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilitoa ripoti kuhusu jaa la taka la Dandora, lililo kilomita chache tu kutoka Donholm. Watoto na vijana 328 walikuwa wamechunguzwa. Nusu yao walipatikana na kiwango cha risasi katika damu kilichofikia au kupita mpaka uliokubalika kimataifa wakati huo, ambao ulikuwa mikrogramu 10 kwa desilita.

Mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichoanza mwaka 2007 kiliwaathiri wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru, hadi shughuli zake zilipokoma mwaka 2014. Phyllis Omido, mama aliyeongoza kampeni dhidi ya kiwanda hicho baada ya mwanawe kupatikana na risasi mwilini, alituzwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mnamo Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni. Uamuzi huo ulibatilishwa katika Mahakama ya Rufaa mwaka 2023, lakini Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024.

Upande wa mafanikio, petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, kufikia Januari 2006. Mwaka 2021 Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuiacha kwa matumizi ya magari. Hata hivyo, risasi iliyokwisha kuanguka kando ya barabara kuu za miji haikuyeyuka hewani. Metali haiozi kama ganda la ndizi. Hubadilisha vazi tu, na mojawapo ya mavazi yake ni kaboneti.

Mpaka wa mikrogramu 10 uliotumika mwaka 2007 nao umepitwa na wakati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2021 unasema kwamba mtu akipatikana na mikrogramu 5 au zaidi, chanzo chapaswa kutafutwa na kuondolewa. Shirika hilo linasisitiza kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Watoto huathirika zaidi kwa sababu ubongo wao ungali unakua, na miili yao hufyonza mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima kutokana na kiasi kilekile kilichomezwa.

Dalili hazionekani mapema. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, mwepesi wa hasira, hana hamu ya chakula, analalamikia tumbo au anapungukiwa damu. Mzazi aweza kudhani ni utundu au minyoo. Kipimo cha damu pekee ndicho kinachoweza kukata shauri.

Njia zinazoingia nyumbani

Katika mitaa kama Donholm, Umoja, Tassia na Pipeline, makazi, gereji na biashara ya vyuma kuukuu hukaa ubavu kwa ubavu. Betri ikipasuliwa kwa shoka ili kutolewa bamba, asidi humwagika na vipande vidogo hubaki ardhini. Mvua hukamilisha kazi iliyobaki. Msimu wa kiangazi ukifika, udongo huo hugeuka vumbi na kubebwa na upepo, viatu na nguo za kazi.

Baya zaidi ni kuyeyusha risasi kwenye jiko la makaa. Risasi huyeyuka kwa nyuzijoto 327 tu, na serusiti yenyewe ikichanganywa na makaa yanayowaka hurudi kuwa metali. Wepesi huo ndio unaowashawishi wengi kuifanya kazi hiyo nyuani. Mvuke na moshi wake huanguka juu ya sufuria, nguo zilizoanikwa na mboga.

Rangi za zamani ni njia nyingine. Mlango au dirisha lililopakwa rangi yenye risasi likikwaruzwa kwa msasa bila maji, chumba kizima hujaa vumbi lisiloonekana. Kuzichoma mbao za namna hiyo ili kupikia ni kuialika sumu mezani.

Wanja nao unastahili kutajwa. Uchunguzi wa sampuli za wanja zilizouzwa Oman, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba baadhi zilikuwa na galena. Vyombo vya wanja vya Misri ya kale vilivyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris, navyo vilikutwa na galena pamoja na serusiti. Wanja wa kienyeji usiojulikana umetengenezwa kwa nini haufai kupakwa mtoto mchanga, ambaye hufikicha macho na kisha kunyonya vidole.

La kufanya

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Tahadhari zifuatazo hazihitaji fedha nyingi:

Kwanza, betri iliyokwisha isivunjwe wala isiachwe uani. Irudishwe kwa muuzaji au kwa mkusanyaji mwenye leseni ikiwa nzima.

Pili, anayefanya kazi ya betri, solda au kukwaruza rangi abadilishe nguo na viatu kabla ya kuingia nyumbani, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Tatu, sakafu na madirisha yapanguswe kwa kitambaa chenye maji. Kufagia pakavu hulirusha vumbi hewani.

Nne, watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala. Vichezeo vioshwe mara kwa mara.

Tano, mboga zisipandwe mahali palipokuwa gereji au kando ya barabara kuu. Penye shaka, tumia udongo safi ulioletwa katika magunia au sanduku zilizoinuliwa.

Sita, lishe bora ni ngao. Mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi. Maziwa, omena, maharagwe na mboga za majani huupunguza ufyonzaji huo, ingawa haviwezi kuwa badala ya kuondoa chanzo.

Saba, mtoto anayeshukiwa apelekwe hospitalini apimwe damu. Zipo dawa za kuivuta risasi kutoka mwilini, lakini hutolewa na daktari pekee, na hazifai kitu iwapo mtoto atarudishwa katika vumbi lilelile.

Mahali penye uchafuzi mkubwa, raia ana haki ya kulalamika kwa Halmashauri ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), iliyoundwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999.

Sayansi nayo inautumia uainishaji wa madini kama tiba ya udongo. Risasi ikikutana na fosfeti na klorini huweza kugeuka kuwa madini yaitwayo piromofiti, ambayo huyeyuka kwa shida mno. Mwaka 2011, katika kitongoji cha South Prescott mjini Oakland, Marekani, mifupa ya samaki iliyosagwa ilichanganywa na udongo wa nyua za watu ili fosfeti yake iifunge risasi. Njia hiyo haiiondoi metali hiyo, na haifai kutumiwa bila wataalamu kupima udongo kwanza. Lakini inathibitisha kwamba hatari ya risasi haitegemei wingi wake pekee, bali pia madini iliyojificha ndani yake.

Ndiyo sababu vipimo vya udongo wa mitaa yetu havipaswi kukomea kwenye swali la kiasi gani cha risasi kimo. Vyafaa viulize pia risasi hiyo imo katika madini gani. Udongo wenye galena na udongo wenye serusiti waweza kuandikiwa tarakimu moja na maabara, na mtoto mmoja akapona ambapo mwenzake ameumia.